Melatonini na Ngozi: Historia Fupi Kabla Hujanunua Krimu

Leo tunazungumza nawe mama, nawe baba pia, uliyeanza kuona mikunjo pembeni mwa macho. Ukitoka Gatwekera ukaenda soko la Toi, au ukivuka hadi Kawangware, utakutana na krimu za kila aina zinazoahidi kurudisha ujana. Ulimwenguni sasa zipo hata krimu za melatonini, zinazouzwa kama kinga ya uzee wa ngozi. Je, zinasaidia? Tuanze na historia.

Ilianza kwa chura

Mwaka 1917, watafiti wawili wa Marekani, McCord na Allen, waliwapa viluwiluwi wa chura dondoo la tezi ndogo iliyo ndani ya ubongo wa ng'ombe. Ngozi ya viluwiluwi hao ikapauka. Miaka mingi baadaye Aaron Lerner, daktari wa ngozi katika Chuo Kikuu cha Yale, alitumaini kwamba dutu hiyo ingewafaa wagonjwa wenye matatizo ya rangi ya ngozi, kama wale wa mabaka meupe. Mwaka 1958 yeye na wenzake waliitenga kutoka katika tezi za ng'ombe, wakaiita melatonini.

Lakini mtu si chura. Melatonini haikubadilisha rangi ya binadamu. Ilibainika kuwa ni homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia. Kwa hiyo usichanganye majina: melanini ndiyo rangi ya ngozi yako, na melatonini ni homoni ya usiku.

Kutu ya ngozi

Mwaka 1993 Russel Reiter na wenzake huko Texas walionyesha jambo jingine: melatonini ni antioksidanti. Maana yake nini? Tazama mabati ya paa lako. Hewa na unyevu huyaletea kutu. Ngozi nayo, ikipigwa na jua kali au moshi wa sigara, huzalisha chembe korofi zinazodhuru seli na kuvunja nyuzi zinazoishikilia. Ndipo mikunjo na madoa hutokea. Antioksidanti huzimaliza nguvu chembe hizo, kama rangi inavyoyakinga mabati.

Sasa kumbuka: fundi hupaka rangi kabla ya kutu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Zürich, Uswisi, walipaka watu melatonini na kuwamulika kwa miale kama ya jua. Waliopakwa dakika 15 kabla ya miale walikingwa wasipate wekundu wa ngozi. Kupaka baada ya miale hakukusaidia kwa kiasi cha maana. Tena kipimo kilikuwa wekundu, ambao hauonekani kwa urahisi kwenye ngozi nyeusi kama yetu. Majaribio ya baadaye kuhusu mikunjo yalihusisha watu wachache. Basi ni tumaini, bado si dawa iliyothibitishwa ya kuondoa uzee.

Nairobi ilivyolipa kwa figo

Kwa nini tunakuhimiza uwe mwangalifu? Kwa sababu jiji letu limewahi kuamini krimu na likaumia. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha taarifa ya wagonjwa 60 waliovimba mwili kwa ugonjwa wa figo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kujichubua zenye zebaki. Zebaki ilipenya kwenye ngozi ikafika kwenye figo. Nyingine zilikuwa na haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu huweza kuacha ngozi nyeusi kuliko awali, yenye mabaka magumu.

Mwaka 1998 Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye sumu hizo. Mwaka 2013 nchi yetu ilitia saini Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki. Hata hivyo, bidhaa hizo bado huingia kwa njia za panya. Mkebe unaweza kuandikwa "kuzuia uzee" na ndani mkawa na kitu kingine kabisa.

Basi ufanye nini?

Kwanza, jikinge na jua kabla halijakuchoma. Kofia pana, mwavuli au leso kichwani ni kinga ya bei nafuu. Ndugu zetu wenye ualbino wanahitaji zaidi ya hapo, yaani mafuta ya kuzuia jua kila siku. Waulize wahudumu wa afya jinsi ya kuyapata.

Pili, acha sigara, na ufungue dirisha unapowasha jiko.

Tatu, usinunue krimu isiyo na orodha ya viungo wala jina la mtengenezaji. Ukiona neno "mercury" au "calomel" kwenye karatasi yake, irudishe.

Nne, ikiwa unatumia krimu ya kung'arisha na uso au miguu inavimba, iache na uende hospitali mara moja ukiwa umebeba mkebe wake. Wewe unayenyonyesha, kumbuka zebaki hufika pia kwa mtoto.

Mpendwa msomaji, mkunjo wa uso haujamuua mtu. Figo zikiharibika, hakuna krimu ya kuzirudisha. Hadi mazungumzo yajayo, tunza ngozi yako, utunze na kilicho ndani yake. Kwaheri.