Kinaya si kejeli

Wanafunzi wengi wa fasihi huyachanganya maneno haya mawili, na alama zinapotea bure. Kejeli ni dhihaka: msemaji anajua anachokisema na amekusudia kuchoma. Kinaya, neno tulilolipata kutoka Kiarabu, ni jambo kwenda kinyume na linavyotarajiwa, na mara nyingi mhusika mwenyewe halioni.

Chukua To Kill a Mockingbird, riwaya ya Harper Lee iliyotoka mwaka 1960. Mwalimu Gates anawafundisha watoto wa Alabama, Marekani, kwamba Hitler anawaonea Wayahudi, na anamchukia kwa dhati. Lakini mtoto Scout anakumbuka: mwalimu huyuhuyu, usiku wa kesi ya Tom Robinson, mtu mweusi aliyesingiziwa ubakaji, alitoka mahakamani akisema ni wakati watu weusi watiwe adabu. Pale darasani hamdhihaki mtu. Anaamini kila neno. Hilo ndilo linalonitisha kila ninapoirudia sura ile, maana chuki imekaa ndani ya mtu aliyesoma, mwenye sauti ya upole.

Walimu wenzangu, mwanafunzi akiandika "kejeli" hapo, msimpitishe. Neno lake ni kinaya.