Amri Zilishuka, Maneno Hayakupanda

Sisi tunaokaa Kiambi, kando ya mto Luvua, twajua habari za migodi. Maji ya mto wetu, huko Piana-Mwanga, ndiyo yaliyotoa umeme kwa mgodi wa bati wa Manono. Siku hizi watu wanazungumza tena juu ya Manono kwa sababu ya madini ya lithiamu, na vijana wetu wanatazamia kazi. Basi yafaa tukumbuke mambo yaliyotokea Katanga mwaka 1941, tupate kujua hasara inayokuja pale mfanyakazi na mkubwa wake wasiposikilizana.

Kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Kuanzia miaka ya 1920 na kitu iliwakalisha wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao, ikawapa nyumba, posho, hospitali na shule. Wakubwa wakafikiri: watu hawa wamepata vyote, watalalamikia nini?

Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi, na Wazungu walipewa vitabu vidogo ili wajifunze. Lakini vitabu vya namna hiyo vilijaa amri: leta, beba, fanya upesi. Maneno ya kumwuliza mtu shida zake yalikuwa machache. Hivyo lugha ilikuwa moja, lakini ilishuka tu: toka kwa mkubwa hata kwa kapita, toka kwa kapita hata kwa mchimbaji. Neno la mchimbaji halikupata njia ya kupanda.

Vita Vikuu vya Pili vilipokuja, shaba ya Katanga ilitakiwa sana. Kazi ikaongezeka, bei ya vitu dukani ikapanda, mshahara ukabaki nyuma. Wazungu wa kampuni walikuwa na chama cha kuwasemea. Waafrika hawakuruhusiwa kuwa nacho, ijapokuwa ilikuwa imetimia miaka 50 tangu Papa Leo XIII kufundisha katika waraka wake Rerum Novarum, mwaka 1891, ya kwamba wafanyakazi wana haki ya kuungana.

Mwezi wa Desemba 1941 kazi ikasimama huko Likasi, kisha Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Tarehe 9 wafanyakazi wakakusanyika katika uwanja wa mpira. Msemaji wao alikuwa karani, jina lake Léonard Mpoyi. Gavana wa jimbo, Amour Maron, akafika mbele yao. Mazungumzo hayakufaulu, askari wakapiga risasi. Makumi ya watu wakafa, na Mpoyi pamoja nao. Yule aliyesimama kuwa daraja kati ya pande mbili ndiye aliyeuawa.

Mwaka 1946 serikali iliruhusu vyama vya wafanyakazi Waafrika, tena ikaweka mabaraza ndani ya makampuni. Mabaraza hayo yalishauri tu, hayakuamua neno. Hata hivyo kwa tendo hilo serikali ilikubali ya kwamba mfanyakazi ana neno la kusema. Laiti njia hiyo ingalifunguliwa miaka mitano mbele!

Wengine watasema: wasingaligoma, wasingalikufa. Lakini mtu asiye na mlango wa kupeleka shida yake atafanya nini? Wazee walisema: kimya kingi kina mshindo mkuu. Mkubwa asidhani ya kwamba kimya cha watu wake ni shukrani. Naye kapita, akitumwa na wenzake, asiyapunguze maneno yao ili ampendeze bwana, wala asiyaongeze ili apate sifa kwa wenzake.

Basi, vijana wa Kiambi, mtakapokwenda kutafuta kazi, ulizeni habari za mshahara, ndivyo ipasavyo. Lakini ulizeni na neno hili: tukiwa na shida, nani atatusikiliza, na siku gani?