Ngoma za Ruaha Mbuyuni zilifuata ghala

Anayeshuka Mlima Kitonga akitokea Iringa hufika Ruaha Mbuyuni, kata ya Wilaya ya Kilolo inayopakana na Mkoa wa Morogoro kwenye Mto Ruaha Mkuu. Hapa Wahehe hukutana na majirani zao Wasagara na Wavidunda. Kila kabila lina ngoma zake, ila msimu wa kuzicheza uliamuliwa na ghala.

Mvua huanza Novemba au Desemba na kukatika Aprili au Mei. Ni miezi ya jembe, na akiba ya nafaka huwa inaelekea ukingoni. Milimani Kilolo masika hunywewa ulanzi, pombe inayogemwa kwenye mianzi michanga. Pombe ya nafaka husubiri mavuno. Ndiyo maana harusi, matambiko na ngoma vilirundikana kiangazi: chakula cha wageni kipo, njia zimekauka, vijana hawana palizi.

Kisha mambo yakabadilika. Desemba 1962, katika hotuba yake ya kwanza akiwa Rais, Mwalimu Nyerere aliuliza ni wangapi waliofundishwa shuleni nyimbo za Wanyamwezi au Wahehe, na ni wangapi wanaozijua ngoma za Mangala na Kiduo kama wanavyoijua rumba. Akaunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Baadaye kikaja kikundi cha ngoma cha taifa, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Ngoma zikapata heshima, lakini zikahamia jukwaani: dakika chache mbele ya mgeni rasmi, mwezi wowote.

Wakati huohuo barabara ya lami ya Dar es Salaam hadi Tunduma ilifungua soko, na Ruaha Mbuyuni ikajulikana kwa vitunguu. Kitunguu cha kumwagilia hulimwa kiangazi. Miezi iliyokuwa ya ngoma ikawa miezi ya mifereji, magunia na malori.

Kwingineko, Wasukuma wameulinda msimu wao wa ngoma. Sherehe ya Bulabo pale Bujora, Mwanza, iliyokuzwa na Padre David Clement tangu miaka ya 1950, hufanyika karibu na Juni, baada ya mavuno, vyama vya ngoma vya Wagika na Wagalu vikishindana kuvuta watazamaji.

Kilolo nayo inaweza. Halmashauri ikitaka tamasha la ngoma Ruaha Mbuyuni, isipange tarehe kwa kufuata ratiba ya viongozi. Iwaulize kwanza wakulima wa vitunguu ni wiki gani shamba linawapa nafasi.