Wafungaji wa Vifurushi: Tarehe ya Kazi Moja, Yasimuliwa kwa Watu wa Ubwari

Rasi ya Ubwari, iliyojitokeza ndani ya Ziwa Tanganyika na kuikumbatia ghuba ambayo kwenye ukingo wake wa magharibi umesimama mji wa Baraka, ilikuwa imekwisha kuzoea mizigo iliyofungwa na watu wa mbali kabla ya wageni wa Ulaya kutambua kuwa ni rasi. Kwani Richard Burton na John Speke, walipoipita kwa mitumbwi mwaka 1858 wakielekea Uvira, waliiandika kuwa ni kisiwa. Merikani, kaniki na shanga zilizofika katika pwani za ziwa hili zilikuwa zimefungwa Unguja na Bagamoyo kwa mikono ya watu ambao wengi wao hawakupata kuliona ziwa lenyewe. Mtumba wa nguo ulikazwa hata ukatimiza kadiri ya frasila mbili, yaani ratili 70, kwa kuwa huo ndio uzito uliokadiriwa kwa bega la mpagazi mmoja. Na shanga zilichaguliwa kwa rangi na kwa umbo, kwa kuwa kila nchi ilikuwa na ada yake, na shanga iliyopendwa katika soko moja iliweza kukataliwa katika soko la pili. Mfungaji mwema alikuwa yule aliyekumbuka, mzigo ungali mikononi mwake, kwamba atakayeufungua ni mwenye nchi, na kwamba hukumu ya mwenye nchi ndiyo ya mwisho.

Kazi ninayokusudia kuisimulia tarehe yake haijatimiza hata nusu karne, lakini imejengwa juu ya sharti hilo hilo. Ni kazi ya kufunga programu za Linux katika vifurushi, na hususan kufunga seva ya wavuti, ambayo ni programu ipokeayo maombi ya wasomaji na kuwapelekea kurasa wazitakazo, pamoja na moduli zake na mafaili yake ya usanidi. Mtu wa Baraka afunguaye tovuti katika simu yake hunufaika na kazi hii bila ya kujua kuwa ipo; na kijana wa Fizi ya jirani ajifunzaye kusimamia kompyuta hukutana nayo mapema, aghalabu bila ya kuambiwa ni nani walioitengeneza wala ni kwa ikhtilafu gani imefikia umbo ililo nalo leo.

Chimbuko la habari yenyewe ni seva iliyoandikwa na Rob McCool katika chuo kikuu cha Illinois, Marekani, kwenye taasisi iitwayo NCSA, mnamo mwaka 1993. McCool alipoondoka pale katikati ya mwaka 1994, wasimamizi wa tovuti waliokuwa wakiitumia seva ile wakabaki kila mmoja na viraka vyake, yaani marekebisho madogo ya msimbo, hata mwanzoni mwa 1995 kundi dogo lao, akiwemo Brian Behlendorf, likaamua kuvikusanya viraka hivyo mahali pamoja. Na mwezi wa Aprili mwaka huo wakatoa toleo la kwanza la seva iitwayo Apache. Jambo lililoipa Apache uhai mrefu lilifanywa miezi michache baadaye na Robert Thau, aliyeijenga upya seva kwa namna ambayo kiini chake hubaki kidogo, na kazi nyingine zote, kama vile kuuliza nywila, kuandika upya anwani au kuendesha programu, zikafanywa na moduli zinazoungana na kiini kwa mapatano maalumu. Toleo la 1.0 lilitoka tarehe 1 Desemba 1995, na kabla ya mwaka wa pili kufika kati, seva hii ilikuwa imezipita nyingine zote kwa wingi wa tovuti zilizoitumia.

Moduli zilileta neema, na neema ikaja na mashaka yake. Katika siku zile msimamizi alichukua msimbo wote, akachagua moduli azitakazo, akaukompaili mwenyewe, yaani akaugeuza kuwa programu iwezayo kuendeshwa na kompyuta, akauweka popote alipoona panafaa; na usanidi wake ulikuwa katika mafaili matatu, httpd.conf, srm.conf na access.conf, aliyoyahariri kwa mkono wake. Alipotaka moduli nyingine, alirudia kazi yote tangu mwanzo. Alipohama ofisi, mrithi wake hakuweza kujua faili lipi lilitoka kwa watunzi na lipi liliandikwa na msimamizi aliyepita, wala ni lipi lingeweza kufutwa bila ya kuleta msiba.

Wakati huo huo, upande mwingine wa elimu hii, watu walikuwa wakitafuta dawa ya maradhi hayo. Ian Murdock, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Purdue, alitangaza mradi wa Debian mwezi wa Agosti 1993, akiazimia kutengeneza mkusanyo wa Linux utakaotunzwa na watu wengi waliotawanyika duniani, kila mmoja akiwa mdhamini wa vifurushi vyake. Na mwaka 1994 Ian Jackson akaiandika upya programu ya dpkg, ambayo hufungua kifurushi, hukiweka mahali pake, na hukumbuka kila faili lililotoka ndani yake. Mwezi wa Februari mwaka huo huo yakatolewa pia maafikiano juu ya mpangilio wa mafaili katika Linux, ambayo kwayo usanidi wote ulipewa folda ya /etc, programu zikawekwa /usr, na vitu vibadilikavyo kila siku vikapelekwa /var. Mpaka huu ulikuwa na hikima kubwa kuliko unavyoonekana, kwa kuwa ulitenga kilicho cha mfungaji na kilicho cha mwenye kompyuta, na bila ya kutenga milki mbili hizo hapana adabu iwezayo kusimama baina yao.

Adabu hiyo ndiyo roho ya kazi nzima, na kwa sababu hiyo nitakaa nayo kidogo. Katika kifurushi cha Debian, mfungaji huorodhesha mafaili ya usanidi mbali na mengine, na dpkg huhifadhi alama ya hisabati ya kila faili kama lilivyokuwa lilipofika. Toleo jipya lijapo, dpkg hulinganisha mambo matatu: faili lilivyoletwa zamani, lilivyo sasa katika kompyuta, na linavyoletwa leo. Ikiwa msimamizi hakuligusa, jipya huwekwa kwa kimya. Ikiwa yeye amelibadili na mfungaji hakubadili kitu, la msimamizi hubaki. Ikiwa wote wawili wamebadili, dpkg husimama na kuuliza, na mtu asipochagua neno, jawabu lishikwalo ni kuacha faili la msimamizi kama lilivyo. Hata faili alilolifuta kwa makusudi halirejeshwi juu yake. Sheria ya Debian imelitia muhuri jambo hili, kwamba mabadiliko ya mwenyewe sharti yahifadhiwe kifurushi kinapopandishwa daraja, na kwamba hata kifurushi kikiondolewa, usanidi wake hubaki mpaka msimamizi aamuru kwa neno la wazi kwamba nao ufutwe.

Wenzao wa Red Hat, mkusanyo mwingine wa Linux, waliotoa mfumo wao wa RPM mwaka 1995, walishika insafu ile ile kwa ada nyingine. RPM haisimami kuuliza, kwa kuwa ilikusudiwa iweze kufanya kazi usiku pasipo mtu. Badala yake huacha ushahidi, ama kwa kuliweka kando faili la msimamizi kwa jina lenye mwisho wa .rpmsave, ama kwa kuliacha mahali pake na kuweka lile jipya pembeni kwa mwisho wa .rpmnew. Mafundi wamebishana miaka mingi juu ya njia iliyo bora, na ubishi huo una heshima yake, maana pande zote mbili zimekubali lile la msingi, kuwa kazi ya mtu haipotezwi bila ya yeye kujua.

Ugumu ulizidi katika moduli. Mwaka 1998 Apache 1.3 iliwezesha moduli kupakiwa seva inapoanza, bila ya kukompaili kila kitu upya, na hapo kila moduli iliweza kuwa kifurushi chake na mfungaji wake. Lakini moduli ya lugha ya programu iitwayo PHP, ili ifanye kazi, ilihitaji mstari mmoja katika usanidi wa Apache, na usanidi wa Apache ni amana ya kifurushi kingine na ya msimamizi, ambayo sheria ilimkataza mgeni kuigusa. Jaribio la kwanza lilikuwa programu za kuhariri faili kwa niaba ya watu, nazo zilikosea pale msimamizi alipoandika kwa mtindo wake. Katika Debian iliyoitwa Sarge, iliyotolewa Juni 2005, Apache 2 ilikuja na ufumbuzi ambao kwangu mimi ni miongoni mwa mambo mazuri kabisa katika ufundi huu: folda ya mods-available, ambamo kila kifurushi huweka faili lake dogo bila ya kugusa la mwenziwe, na folda ya mods-enabled, ambamo huwamo viungo tu vya kuelekeza kwenye yale yaliyoruhusiwa. Amri ya a2enmod hutia kiungo, a2dismod hukiondoa, na tovuti nazo zikapewa folda mbili za namna hiyo. Kilichopo na kilichoidhinishwa vikawa vitu viwili mbalimbali, na idhini ikabaki mkononi mwa msimamizi.

Thamani ya mpango huu hudhihiri tukiitazama seva ya nginx, aliyoitoa Igor Sysoev wa Urusi mwaka 2004. Kwa miaka mingi moduli zake ziliungwa wakati wa kukompaili tu, na wafungaji wa Debian wakalazimika kutoa vifurushi kadhaa vya seva moja, nginx-light, nginx-full na nginx-extras, kila kimoja na moduli zilizochaguliwa na mfungaji. Msimamizi aliyetaka moduli moja zaidi alichukua zote za kifurushi kikubwa. Mwezi wa Februari 2016 nginx nayo ikaruhusu moduli za kupakiwa, na wafungaji wakaweza kuzitenga.

Mtihani mkubwa kwa watu wa Apache ulikuja na toleo la 2.4 la mwaka 2012. Moduli zilizokompailiwa kwa 2.2 hazikukubaliwa na seva mpya, zikabidi zifungwe upya zote. Maneno ya kuruhusu na kukataza wageni yakabadilika, na Debian 8, iliyotoka Aprili 2015, ikataka mafaili ya tovuti yaishie kwa .conf, la sivyo hayasomwi. Ada iliyolinda mafaili ya wasimamizi ndiyo iliyoyaacha na lugha ya zamani, na kila mmoja akapaswa kuyarekebisha kwa mkono wake. Wapo waliolalamika. Lakini uhuru wa mtu juu ya milki yake huja pamoja na wajibu wa kuitunza, na mfungaji ambaye angeyaandika upya mafaili yale kwa dhana njema angevunja ahadi iliyowafanya watu wamwamini.

Je, haya yawahusu nini watu wa Ubwari? Yawahusu kwa sababu ya masafa. Waya wa intaneti wa baharini uitwao SEACOM ulifika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, na pwani ya Kongo ya magharibi ilipata waya wake, uitwao WACS, mwaka 2013; Baraka iko katikati ya bara, mbali na bahari zote mbili, na katika nchi yenye masafa hayo kila megabaiti ina bei. Kifurushi kilichofungwa sawasawa chaweza kuchukuliwa katika diski na kuvuka ziwa kwa boti. Sarge ilikuwa na vifurushi zaidi ya 15,000 katika diski 14, na mtu aliyezipata aliweza kusimamisha seva kamili pasipo waya wala setilaiti. Ubuntu nayo, iliyozaliwa na Debian mwaka 2004, ilituma diski za bure kwa posta mpaka mwaka 2011. Tena tangu Debian 4.0 ya mwaka 2007, programu ya apt huhakiki saini ya ghala la vifurushi, hata mpokeaji akaweza kujua kuwa bidhaa haikuchezewa njiani, iwe imepita katika mikono ya nani.

Afrika ya Mashariki haikukaa ikitazama. Mwishoni mwa mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi isemayo Kiswahili. Na AfNOG, jumuiya ya mafundi wa mitandao wa Afrika iliyoanza warsha zake mwaka 2000, ilifundisha usimamizi wa seva katika Kigali mwaka 2010 na Dar es Salaam mwaka 2011, miji ambayo mtu wa Fizi huweza kuifikia kwa nchi kavu na ziwa. Wanafunzi wa mafunzo ya namna hiyo hujifunza kuzitumia kazi za wafungaji. Daraja inayofuata ni kuwa wafungaji wenyewe, na mlango wake hauna bawabu wa kudai nasaba wala pasipoti: Debian hupokea kifurushi cha mtu yeyote ambaye kazi yake imekaguliwa na mdhamini na kuonekana safi.

Yule atakayeingia na akumbuke kwamba ustadi wa kukompaili hujifunzwa na wengi, ilhali staha kwa msimamizi asiyemjua, ambaye amebadili mistari kumi kwa sababu za mji wake na hakumwandikia mtu yeyote kuzieleza, ndiyo inayomtofautisha mfungaji na mtupaji wa mafaili. Kwa sheria iliyoandikwa na kutiiwa tangu miaka ya tisini, fundi wa Baraka ana neno la mwisho juu ya seva yake sawa na fundi wa London. Na sheria ya namna hiyo yastahili kufundishwa katika vyuo vyetu pamoja na amri zenyewe, ili vijana wetu waijue kuwa ni haki yao wakiwa wapokeaji, na ni deni lao watakapofunga vifurushi kwa ajili ya wengine.