Kadi Inalipa Dawa, Nani Analipa Nauli?

Mwaka 1984 serikali ya Burundi ilianza kuuza kadi ya msaada wa matibabu, ambayo sote tunaiita CAM. Watumishi wa umma walikuwa na mfuko wao tangu 1980. Kadi ililenga wakulima na wachuuzi, yaani karibu nchi nzima. Kwa faranga 500 familia ilitibiwa mwaka mzima katika vituo vya serikali.

Vita vya 1993 viliidhoofisha. Kuanzia 2002 wagonjwa walidaiwa gharama, na waliokosa pesa walizuiliwa wodini. Tarehe 1 Mei 2006 Rais Nkurunziza alitangaza matibabu ya bure kwa watoto chini ya miaka mitano na kwa wanaojifungua. Hospitali zilifurika.

Wengi husema mafuriko hayo yanathibitisha kwamba kizuizi kilikuwa bei. Sikubali moja kwa moja. Mgonjwa anayetoka kilimani hulipa pia usafiri, na chakula chake hupikwa na ndugu aliyeacha shamba. (Pita nje ya hospitali yoyote hapa Bujumbura saa sita, utaona masufuria yakiingia.) Kule Kabezi, kusini mwa jiji, Médecins Sans Frontières walitoa huduma ya bure ya dharura za uzazi pamoja na ambulensi za kuwafuata wajawazito kwenye vituo vya afya. Watafiti wao walikadiria kuwa mwaka 2011 vifo vya uzazi wilayani humo vilipungua kwa asilimia 74.

Mwaka 2012 CAM ilifufuliwa kwa faranga 3,000. Inalipia asilimia 80 ya bili. Nauli ya kutoka kilimani haimo kwenye bili.