Motocross ilianza na pikipiki za kazi

Juzi kwenye kundi letu la wahitimu kulitokea mabishano. Mwenzetu mmoja mwenye lisensi, ambaye kwa sasa njo motari hapa Keshero, alituma video ya motocross akasema mchezo huu ungetufaa siye watu wa mawe. Akajibiwa vibaya: eti huo ni mchezo wa watoto wa matajiri wa Ulaya, motari abaki motari. Mimi nilisoma historia, na jibu lile liliniuma, kwa sababu halipatani na namna mchezo wenyewe ulivyoanza.

Mwaka 1914, mwenye kiwanda cha pikipiki aitwaye Alfred Angas Scott, huko Shipley kaskazini mwa Uingereza, aliwapa changamoto wafanyakazi wake: watoke kiwandani wapite milimani, kwenye matope na mito, mpaka kijiji cha Burnsall. Walitoka 14, wakafika 9. Hawakuwa watoto wa matajiri, walikuwa watu wa spana. Miaka kumi baadaye, tarehe 29 Machi 1924, watu wa kusini walitaka kuiga shindano hilo kule Camberley. Wakaondoa zile sehemu ambazo waamuzi walikuwa wanasimama kuhesabu makosa ya dereva. Ikabaki mbio tupu: anayefika wa kwanza njo mshindi. Waingereza wakaita mchezo ule scramble. Jina la motocross lilikuja baadaye kutoka kwa wasemaji wa Kifaransa, waliounganisha motocyclette na cross-country.

Lakini mbio za kimataifa, nchi kwa nchi, zilisubiri vita viishe. Angalieni Ulaya ya 1947: miji imebomoka, na pikipiki za jeshi zimejaa kila mahali, zinauzwa kwa raia. Matchless G3/L, kwa mfano, ilikuwa pikipiki ya askari wa Uingereza tangu 1941, na mbele ilikuwa na foku za kuingia na kutoka zenye mafuta, kitu kipya kabisa kwa pikipiki za Waingereza wakati ule. Raia aliyeinunua hakununua kifaa cha michezo. Alinunua cha kwendea kazini, na siku ya Yenga anaenda kushindana nacho. Mwaka huo huo, huko Wassenaar, Uholanzi, ikafanyika Motocross des Nations ya kwanza. Uingereza ilishinda. Mwaka 1952 shirikisho la kimataifa, FIM, likaanzisha ubingwa wa Ulaya wa pikipiki za cc 500, na mwaka 1957 ukawa ubingwa wa dunia. Bingwa wa kwanza wa dunia alikuwa Bill Nilsson, Mswidi.

Sasa tufike pale panapotugusa. Yule aliyechukua ubingwa wa Ulaya 1952 alikuwa Victor Leloup, Mbelgiji, juu ya pikipiki ya FN. Bingwa wa dunia wa 1958, René Baeten, naye Mbelgiji, naye juu ya FN. Kiwanda cha FN kiko Herstal, karibu na Liège. Siye Wakongomani tunakijua zaidi kwa bunduki zake, na wala sihitaji kueleza kwa nini.

Huo mwaka 1958 mimi huwa nautazama mara mbili. Katika miezi ileile Baeten alipokuwa anakusanya pointi, Brussels ilikuwa na maonyesho makubwa ya dunia, Expo 58. Ndani yake Wakongomani waliwekwa kwenye kijiji cha kuigiza, nyuma ya uzio, na wageni wengine wakawatupia ndizi na sarafu. Walichoka na matusi, wakarudi nyumbani kabla maonyesho hayajafungwa. Kwa hiyo mtu akisema mchezo huu si wetu, nakubali nusu. Siku ambazo mataifa yalikuwa yanapeana bendera kwenye matope, siye tulihesabiwa kama mali ya taifa lingine. Kutokuwepo kwetu hakukutokana na kukosa madereva.

Na bado ulitufikia, kwa njia ya mlango wa nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, injinia mmoja wa Liège, Lucien Tilkens, alitoa amotisa mbili za nyuma akaweka moja tu, ndefu, iliyolazwa chini ya tangi. Gurudumu likapata nafasi kubwa zaidi ya kupanda na kushuka, na pikipiki ikatulia kwenye mashimo. Yamaha wakanunua wazo lile, na mwaka 1973 Håkan Andersson akashinda nalo ubingwa wa dunia wa cc 250. Baadaye mfumo huo ukashuka mpaka kwenye Yamaha DT za kawaida, zile ndefu zenye matopeni ya juu ambazo mashirika yamezitumia miaka na miaka kufikisha chanjo Masisi na Rutshuru. Muuguzi anayepanda DT kwenda Masisi amekalia mbio za Ulaya bila kujua.

Ughali ulikuja polepole, pale viwanda vilipoanza kutengeneza pikipiki za mbio peke yake, zisizo na taa, zisizoweza hata kukupeleka sokoni. Tangu hapo mwenye pikipiki moja ya kazi akabaki nje ya kamba. Ukienda Jamhuri Park, Nairobi, au Busiika kule Uganda, utaona watoto wanashindana vizuri sana, lakini nyuma ya kila mtoto kuna mzazi mwenye gari la kubebea pikipiki. Kundi lile lilikuwa limeona hii sura ya mwisho tu.

Kwenye barabara ya Sake, motari wetu anabeba abiria wawili na gunia la makala juu ya mawe ya volkano, na TVS ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya lami. Karakana za hapa Keshero zinamwongezea springi, zinachomelea fremu iliyopasuka, na jioni anarudi kazini. Mafundi wa Shipley wangeielewa kazi hiyo bila mkalimani.