Wimbo wa "Malaika": Ni Mali ya Nani?

Mlio darasani kaeni karibu na redio, na daftari ziwe wazi. Somo letu la leo ni la historia. Tutazungumza habari za wimbo ambao wengi wetu hapa Songea tumeusikia, ama arusini, ama redioni. Ni wimbo wa "Malaika."

Habari yake ni fupi. Kijana anampenda msichana, naye ataka kumwoa, lakini hana mali. Sisi wa Ruvuma hatuhitaji kuelezwa zaidi. Jambo la mahari twalijua.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mwanamuziki wa Kenya, Bwana Fadhili William, aliuimba wimbo huu mjini Nairobi pamoja na bendi ya Jambo Boys, ukatiwa katika santuri. Baadaye Bibi Miriam Makeba wa Afrika Kusini aliuchukua hata Marekani, na mwaka 1965 ukatoka katika santuri yake na Harry Belafonte. Mwaka 1981 kundi la Boney M. la Ujerumani liliuimba tena. Hivyo maneno ya Kiswahili yakapendwa na watu wasiojua Kiswahili.

Sasa twauliza: nani aliyeutunga? Santuri nyingi zina jina la Fadhili William. Lakini Mtanzania mmoja, Bwana Adam Salim, alidai kuwa yeye ndiye aliyeutunga, tena zamani, katika miaka ya 1940. Bwana Lucas Tututu wa Mombasa naye alidai kuwa wimbo ni wake. Fadhili William alifariki mwaka 2001, na ubishi haukwisha.

Kwa nini jambo hili ni gumu? Zamani wimbo ulipita kinywani. Mmoja aliimba dansini, mwingine akasikia, akaongeza neno, akaenda nao mji mwingine. Hapakuwa na karatasi yenye jina na tarehe. Santuri ilipokuja, fedha nazo zikaja, na fedha hufuata jina lililoandikwa. Basi wimbo wa mtu asiye na mali ukawa wenyewe mali ya kugombewa.

Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Mtunzi aweza kuandikisha kazi yake COSOTA. Lakini kwanza lazima kazi iwe imeandikwa au kurekodiwa. Mapatano ya shamba na ya mkopo ni vivyo hivyo: mashahidi hufa, karatasi hubaki. Anayejua kusoma hatii sahihi asichokielewa.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini watu watatu waliweza kudai wimbo mmoja?
2. Katika kijiji chenu, ni nyimbo gani hazijulikani mtunzi wake?
3. Andikeni wimbo mmoja wa kwenu, pamoja na jina la aliyewafundisha, na tarehe ya leo.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.